Jogoo wa Kulikomboa Gari la Baba

Mwaka huu nusura niuze gari la baba kwa kilo, kama mihogo mikavu.

Mnunuzi wa vyuma chakavu aliingia uani kwetu, hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, siku ya Jumatatu. Lori lake lilikuwa limejaa mabati yaliyoungua, vitanda vya chuma na mashine ya kusaga iliyokufa zamani. Watu hawa siku hizi wanapita kijiji kwa kijiji mpaka huko Nhica, mtoni, maana vita viliacha vyuma kila mahali. Aliligonga gari kwa vidole, boneti, mlango, ubavu, akatega sikio kama mtu anayechagua nazi sokoni. Akasema, "Profesora, chuma cha zamani hiki, chuma kizito. Ijumaa baada ya swala naja na vijana wa kulibeba."

Nikamwambia, "Njoo."

Mama alikuwa barazani anachagua mchele. Kesho yake asubuhi nikamwona anafagia uwanja kama kawaida yake, na alipofika kwenye gari akainama, akafagia mpaka uvunguni, ufagio ukatokea upande wa pili. Mwanamke wa umri ule, mgongo wenyewe haunyooki sawasawa! Nikamwuliza, "Mama, unafagia chini ya gari linaloondoka Ijumaa?" Akanijibu, "Mgeni akiondoka si huwa unamwandalia?" Akaendelea na kazi yake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, ndiyo profesora kwa Kireno, mtoto wa kwanza wa nyumba hii, na mdomo wangu, kama mama asemavyo, hulala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Siku ile nilinyamaza. Nilikuwa na sababu ya kutaka gari lile litoke mbele ya macho yangu, na mama aliijua sababu hiyo kuliko mimi mwenyewe.

Gari lenyewe ni karinya, ndivyo tuitavyo huku pikapu, kongwe kuliko mimi. Baba alilipata wakati wa uhuru kwa Mreno mwenye duka aliyekuwa anafunga virago. Alitoa mbuzi wawili na redio. Mpaka anakufa, baba aliamini kwamba aliyepunjwa pale ni Mreno. Mama anaamini mpaka leo kwamba aliyepunjwa ni yeye, kwa sababu redio ilikuwa yake. Lilikuwa la bluu, halafu likawa la bluu na kutu, halafu la kutu na alama ya bluu karibu na taa. Mlango wa abiria ulifungwa kwa kamba ya nazi, na ukitaka kushuka ulipiga kelele kwanza ili baba asimame, afungue fundo. Alibeba chumvi na samaki wakavu kupeleka bara, mpaka juu Mueda, akarudi na mahindi, maharage, na kuku waliofungwa miguu. Alibeba maharusi. Alibeba wagonjwa kuwapeleka hospitali, na alibeba jeneza la mtu yeyote bila kuuliza ni wa dini gani. Mpaka leo nikisikia harufu ya papa mkavu imechanganyika na petroli, shingo yangu inageuka yenyewe kumtafuta baba.

Alinifundisha kuendesha nikiwa na miaka kumi na mitatu, kwenye uwanda wa chumvi kule njia ya Olumbi. Watu walimwuliza, binti huyo na usukani wapi na wapi? Akawajibu, "Ninao wawili tu, na wa kiume anaogopa mlio." Akaniketisha juu ya gunia ili nione mbele. "Haya, twende. Hapa hata ukitaka kugonga, utagonga nini?" Uwanda ulikuwa mweupe, mtupu, macho yanauma kuutazama. Kulikuwa na rundo moja tu la chumvi, mbali kabisa, la mwanamke fulani. Nikaligonga. Baba alishuka, akakaa chini, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mama wee! Uwanda wote huu!" Nilinuna siku mbili, na yeye kila akiniona alianza upya.

Baba alikuwa na mtani wake. Alikuwa Mmakonde wa juu Mueda aliyehamia Mute, kwenye barabara kuu, akalima huko na kuchonga mpingo. Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, na kofia yake haimtoki kichwani ila mbele ya Mungu na mbele ya maiti. Sisi wa pwani na wao wa bara tunataniana tangu enzi za mababu. Yeye alimwita baba mvivu, mtu wa kungoja maji yatoke ili aokote kitoweo. Baba alimwita mla panya. Wakikutana, salamu yenyewe matusi. Siku ambayo hawakutukanana, mama aliuliza nani kati yao ni mgonjwa.

Ni huyu aliyelitia gari lile mpingo. Bushi ya springi ya nyuma, ile pete inayozuia chuma kusagana na chuma, ilivunjika njiani, na vipuri havipatikani, basi mtani akachonga nyingine kwa gogo la mpingo, akaichovya kwenye mafuta siku kadhaa, akaigongelea mahali pake kwa nyundo ya mbao. Baba alisema itadumu wiki. Ikadumu. Kisha akachonga kichwa cha gia, kisha vishikio vya milango. Baba akawa anawaambia watu kwamba gari lake nusu Mreno, nusu Mmakonde, na ndiyo maana halisikii la mtu.

Na kuna kitu kimoja zaidi cha gari lile ambacho lazima nikieleze, maana kisa chote kimesimama juu yake. Kinaitwa rota. Ni kitu kidogo, hakizidi kidole gumba, kinazunguka chini ya kifuniko ndani ya injini na kugawa moto kwenye plagi. Ukikitoa, gari haliwaki hata ulisukume mpaka Mocímboa. Katika vile vita vya zamani, nikiwa msichana, baba alikuwa akifika nyumbani anafungua boneti, anaitoa rota, anaitia mfukoni mwa kanzu, ili asije mtu akaondoka na gari. Vita vile vikaisha, mazoea hayakuisha. Aliitoa kila siku ya Mungu, na asubuhi aliirudisha kabla ya chai. Tuliizoea kanzu yake yenye mfuko mmoja mzito.

Baba alipofariki, nilikuwa nafundisha Nampula. Nilifika nikakuta wameshazika. Sikumwona. Sina la kuongeza hapo, aliyepitia anajua. Siku ya tatu tulikuwa tumekaa hitma, wanawake ndani, wanaume uani, milango wazi, na mama katikati yetu amejifunika leso mpaka usoni. Ndipo mtani akaingia. Akavua kofia, akasimama kimya mbele ya kanzu ya baba iliyotundikwa mlangoni. Halafu akatia mkono mfukoni mwa kanzu, akaitoa rota, akaiinua juu watu wote waione.

"Tazameni!" akapaza sauti. "Kila safari huyu mvivu ananikimbia na gari lake. Safari hii ataenda kwa miguu! Anayekitaka kitu chake na aje akikomboe!"

Watu wakacheka. Ndivyo ilivyo kwetu. Mtani ana haki yake msibani: atamcheka maiti, atachukua kitu chake, atakaa nacho mpaka arobaini. Wafiwa watamtukana matusi yote wanayoyajua, watamfuata na kuku, watakikomboa kitu chao, na kicheko kitarudi katika nyumba. Nilikuwa nayajua haya yote tangu utotoni. Lakini nilimtazama mama, nikaona mabega yake yanatikisika chini ya leso, nikajua analia. Damu ikanipanda.

Nikasimama mlangoni mbele ya wanaume. "Toa hicho! Mwizi wewe! Baba yangu hajapoa kaburini, wewe umekuja kumwibia?"

Mtani alinitazama, si kwa hasira, ila kama mtu aliyeitwa jina ambalo si lake. Akaitia rota mfukoni mwa shati, akavaa kofia, akapita katikati ya watu, akaondoka. Chakula kilikuwa kimekwisha kupakuliwa, hakukigusa.

Mama akafunua leso. Macho yake yalikuwa makavu. Alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu mumewe afe, na mimi nilikuwa nimemkatizia.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Nimefukuza mwizi."

"Utamfuata na kuku kabla ya arobaini."

"Simfuati mtu."

Hasira hasara. Kabla ya arobaini kufika, vita vipya viliingia mjini, tukakimbia na nguo tulizovaa. Arobaini ya baba tuliisoma Pemba yetu ya Msumbiji, chini ya turubai, pamoja na watu tusiowajua na ambao nao walikuwa na wafu wao. Mama aliniangalia siku ile mara moja tu, na nilijua anakumbuka nini.

Tuliporudi, miaka ilikuwa imepita. Nyumba ilikuwa imebaki kuta. Na chini ya mkorosho, palepale tulipoliacha, gari limesimama. Matairi hakuna, kiti cha mbele hakuna, majani yamejaa mpaka dirishani. Kuku wa jirani walikuwa wametaga ndani. Mama alizunguka gari lile, akalishika huku na huku, ndipo akaingia kutazama nyumba. Mimi sikulisogelea. Kila nikilitazama nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema "mwizi". Nilijua mtani yuko hai, amerudi Mute, kwa sababu mama alikuwa akipokea salamu zake kwa wauza mihogo wanaokuja sokoni. Salamu zilikuwa za mama. Zangu hazikuwemo.

Basi mwaka huu mdogo wangu, yule aliyeogopa mlio, akapiga simu kutoka Pemba. "Dada, uza. Kutu ile itamkata mama mguu." Nikaona Mungu kanipa njia. Mnunuzi akaja Jumatatu, nikamwambia njoo Ijumaa, kama nilivyokwisha kusema.

Jumatano nikamwita fundi. Si kwa kutengeneza! Nilitaka aniambie kwa kinywa chake kwamba gari limekufa, ili nikienda mbele ya mama niwe na shahidi.

Fundi huyu ni mtu wa makamo, ana midomo ya kucheka na mikono isiyotakata. Akaingia chini ya gari. Akakaa huko mpaka nikadhani kalala. Nikasikia anagonga kitu, anaguna, anagonga tena. Alipotoka ana majani kichwani.

"Nani kakwambia limekufa?"

"Halijakufa?"

"Injini haijaganda, profesora. Inazunguka kwa mkono. Tangi lioshwe, breki zote upya, matairi, kiti. Kazi ipo, sikudanganyi, tena kazi kubwa. Lakini njoo uone hapa. Bushi ya mti! Wallahi sijaona! Chuma kimeliwa pande zote mbili, mti haujatikisika." Alifurahi kama yeye ndiye aliyeichonga. Halafu akafungua kile kifuniko ndani ya injini, akachungulia, akanyamaza. "Rota haipo. Hiyo sasa ndiyo shida. Ya injini hii huipati Nampula, huipati hata ng'ambo ya Rovuma. Na nikibuni nyingine itakulaza porini. Nani kaitoa?"

"Mwizi," nikasema.

Akanitazama. "Mwizi gani anaiba rota anaacha gari?" Akafuta mikono, akaniita karibu na usukani. Chini yake nyaya zilikuwa zimevutwa nje na kuchunwa ganda. "Unaona? Hapa walikaa watu wakihangaika kuliwasha. Wakachuna nyaya, wakaunganisha, wakasukuma. Magari yote ya mtaa huu yaliyokubali kuwaka yalichukuliwa, na mengi yalichomwa baadaye. Hili lilikataa. Huyo mwizi wako, profesora, ndiye aliyekuwekea gari."

Nilikaa kwenye ngazi ya baraza. Miaka yote nilikuwa natazama gari lile nikiona kosa langu, na sikujiuliza hata siku moja kwa nini lilikuwepo la kutazamwa.

Mama akatokea jikoni. Alikuwa amesikia kila neno, nyumba zetu hazina siri. "Kesho Alhamisi," akasema. "Yule jogoo mwekundu ndiye mnene."

"Nitamwambia nini, mama? Nitamwomba msamaha vipi?"

"Msamaha! Ukimwomba msamaha umeharibu tena. Mtani haombwi msamaha, mtani hutukanwa. Nenda ukamtukane vizuri."

Nikaenda Mute kwa pikipiki ya kukodi, jogoo ndani ya kikapu magotini. Kwenye kizuizi askari akauliza, "Mama, huyo anakwenda wapi?" Nikamwambia anakwenda kukomboa gari. Akacheka, akatupisha. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya matusi. Mla panya. Kichwa kama kinu. Mwenye kofia iliyokufa kabla ya mwenyewe. Nilikuwa nayo mengi, na mazuri.

Nikamkuta kwenye uwanja wa nyumba yake anachonga mchi wa kutwangia. Amezeeka. Mabega yameingia ndani, kofia ni ileile. Akainua macho, akaniona, akaona kikapu. Hakusimama.

Na mimi, mwenye mdomo wangu wote huu, nikasahau kila tusi. "Shikamoo," nikasema. Nikaanza kulia kama mtoto. "Baba, nisamehe. Nilikuita... nilikuita..."

"Sikusikii," akasema.

"Nakuomba msamaha, baba."

"Sikusikii mimi. Msamaha unapelekwa kwa mtu baki. Una kuku au huna kuku?"

Nikamtoa jogoo. Akamshika miguu, akamgeuza juu chini, akampuliza manyoya ya kifua. "Huyu ni kuku au njiwa? Ndivyo mnavyokula pwani siku hizi? Ndiyo maana mmekauka." Kisha akaita ndani, na mke wake akatoka na kitambaa kilichofungwa fundo. Akakifungua taratibu. Rota ilikuwa safi, imepakwa mafuta, kama imetoka kwa baba asubuhi ile.

"Tulipokimbia tulipita porini mpaka Nangade," akasema. "Patasi zangu zote niliziacha. Hii niliifunga pembeni ya nguo. Mke wangu alidhani ni hirizi, akaniogopa siku tatu."

"Kwa nini hukumpa mtu atuletee?" nikauliza. "Wauza mihogo wanakuja kila wiki."

Akaweka mchi chini. Hapo tu ndipo aliposema bila utani.

"Mwanangu, nikiirudisha bila kukombolewa, maana yake nini? Maana yake niliiba, na sasa nimeona haya. Nikibaki nayo, mwizi. Nikiirudisha, mwizi. Wewe peke yako ndiwe uliyeweza kunitoa hapo, kwa kuku mmoja. Nimekungoja."

Nilitamani ardhi ipasuke. Sikuwa nimemvunjia heshima tu. Nilikuwa nimemfunga, na ufunguo nimekaa nao mimi, miaka yote ile, nikimwonea haya tu badala ya kumfuata.

"Gari lipo?" akauliza.

"Lipo."

"Basi lije linichukue. Yule mvivu sijamaliza kumzika. Maneno yangu yalibaki mdomoni."

Ijumaa baada ya swala, mnunuzi akaja na vijana wake na minyororo. Nikamwambia gari haliuzwi. Akakasirika, na haki yake, maana alikuwa ametoka mbali. Akaniambia, "Profesora, hili halitatembea tena. Utalitengeneza leo, kesho litakudai lingine." Nikamjibu, "Hata mimi ninadai kila siku, na hakuna aliyeniuza." Mama akampa maji, akampa na korosho za njiani, kwa sababu mama ni mama.

Matengenezo yalichukua muda kuliko mimba ya mbuzi. Fundi alikuja akiwa na nafasi, akaondoka akiitwa kwingine. Matairi yalitoka gari jingine, kiti kilitoka lori, na mlango wa abiria fundi alitaka kuutia kitasa kipya. Mama akakataa. "Kamba," akasema. Ikarudi kamba ya nazi. Mdogo wangu alipiga simu akaniuliza kama nimerogwa. Nikamwambia aje alisikie linavyonguruma, akakata simu.

Siku lilipowaka, lilikohoa kwanza, likatoa moshi mweusi, likatoa na kiota cha panya kupitia bomba la nyuma. Kuku wote wakaruka ukuta. Mama alikuwa ameshika mwiko jikoni, akatoka nao hivyohivyo, unadondosha mchuzi, akauweka mkono mmoja juu ya boneti ili ahisi mtetemeko. Alisimama hapo mpaka fundi alipozima. Sikumwambia kwamba mchuzi unaungua.

Jumamosi nikaenda Mute peke yangu kumchukua mtani. Njia nzima ya kurudi alinikosoa. Gia, namtesa. Shimo, nimelitafuta. Mbuzi mmoja alivuka, nikamkwepa, akasema, "Baba yako aliniambia kuhusu rundo la chumvi, nikadhani anatia chumvi." Nikamwambia anyamaze, mla panya we. Akageuka akanitazama, na akatulia kwenye kiti kama mtu aliyefika nyumbani.

Tulipoingia uani akashuka, fundo nimelifungua mimi, akavua kofia, akapiga hodi. Mama alikuwa amesimama barazani, amevaa leso yake mpya.

"Nani huyo?" akauliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Ah! Mwizi! Mwizi kaja mchana kweupe! Majirani, ingizeni kuku wenu!"

Lilikuwa neno langu, lile lile.

"Kuku wenu nitawaibia nini, shemeji?" mtani akamjibu. "Mifupa mitupu, kama mwenye nyumba!"

Mama akacheka. Alicheka akashika nguzo ya baraza, akacheka mpaka machozi, na mtani akacheka, na neno lile lililokuwa limenikaa kooni miaka yote likaenda zake na kicheko chao.

Makaburini, mimi na mama tulibaki njiani, karibu na gari. Mtani aliingia peke yake, akasimama miguuni pa baba, akaanza. Tulimsikia vizuri. "We mvivu! Mpaka saa hizi umelala? Gari lako liko barabarani, binti yako ndiye dereva, na Mungu atulinde sote! Kitu chako nimekirudisha. Nimekombolewa kwa njiwa. Sasa nenda, nenda kwa miguu yako ya kivivu, na ukifika unishikie nafasi, usijifanye hunijui." Baada ya hapo akajifunika uso kwa kofia. Mimi nililia. Sikujificha, na mama hakuninyamazisha.

Tukarudi nyumbani, akala. Mama alimpakulia mara mbili, akamwambia sahani ya kwanza ni ile aliyoiacha msibani.

Alasiri tukamrudisha Mute, mama akaja nasi. Tulipofika, nikaingia ndani kumwamkia mke wake. Akanipa maji, akaniuliza habari za shule, nikakaa kidogo. Nilipotoka, mtani alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, anatazama mawingu kama mtu anayengoja mvua ya mwaka kesho. Mama yuko garini, kiti cha mbele, amejifunika leso mpaka usoni.

Nikapanda. Nikawasha. Likazunguka, lisiwake. Nikawasha tena. Hata kukohoa, halikukohoa.

Nikageuka kumtazama mama. Mabega yake yalikuwa yanatikisika chini ya leso, na safari hii niliyatazama vizuri.

Nikashuka. Mtani akauweka mkono juu ya mfuko wa shati.

"Una kuku?" akauliza, macho mawinguni.

"Sina."

"Basi mtalala hapa."

Nikajifunga leso kiunoni, nikavuta pumzi, nikaanza kumtukana, kuanzia kofia kwenda chini.